MKANDA UANZE KUFUNGWA JUU

Tamko kwa umma la chama cha mameneja na maofisa utumishi wa Kanda ya Kati kuhusu wajibu wa viongozi wa taasisi wakati wa hali ngumu ya uchumi



1. Kwa nini tunasema

Sisi ni watu ambao sehemu kubwa ya kazi yetu ni kusaini barua. Tunasaini barua ya kumwajiri kijana aliyemaliza chuo, na tunasaini ya kumwambia baba wa watoto wanne kwamba mkataba wake hautaendelea. Katika miaka hii za aina ya pili zimekuwa nyingi. Tumezisaini, tumezikabidhi, kisha tumerudi kukaa kwenye viti vyetu vilevile, kwa mishahara ileile.

Tumejitazama na tumeona jambo ambalo hatuwezi kuendelea kulinyamazia. Katika taasisi nyingi ukata unapoingia, maumivu huanza kwa mfagiaji na mlinzi. Hupanda polepole kupitia kwa kibarua, karani na fundi, na mara nyingi huishia ngazi moja kabla ya mlango wa mkurugenzi. Sisi tuliokaa nyuma ya mlango huo tunasema mwelekeo huu haufai, na kwamba ni juu yetu kuugeuza.

Msimamo wetu ni huu: taasisi inapolazimika kubana matumizi, wa kwanza kubanwa awe yule anayelipwa zaidi na mwenye sauti zaidi katika maamuzi. Kabla hajafanya hivyo, hana haki ya kumwomba aliye chini yake ajinyime chochote.

Wahenga walisema ukubwa ni jalala. Mkubwa ndiye anayetupiwa takataka za wote, naye huzibeba. Siku hizi tumeupokea ukubwa na heshima zake, na jalala tukalihamishia kwa wadogo.

2. Hali tunayoizungumzia

Mtaani wanasema vyuma vimekaza. Msemo huo ulizoeleka kabla ya janga la Uviko-19, na tangu hapo haujapata nafasi ya kupumzika. Mwaka 2020 janga lilizima safari na kufunga hoteli duniani kote. Februari 2022 vita vya Ukraine vilianza, bei ya mafuta, ngano na mbolea ikapanda, na Serikali yetu ikatoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kupunguza makali ya bei ya mafuta kwa Juni mwaka huo. Mwaka 2023 dola ikawa adimu. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Hapa kwetu pigo hilo lilikuwa na sura za watu tunaowajua: wahudumu wa miradi ya Ukimwi na kifua kikuu, madereva, wahasibu, watunza stoo, waliolala wakiwa na ajira wakaamka na barua.

Nyanda zetu zina ugumu wake wa kale pia. Huku mvua ni ya msimu mmoja, na kuna miaka inakata kabla mtama haujatoa suke. Historia ya Wagogo inaitaja kwa jina njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza: Mtunya. Mkulima wa alizeti wa Iramba au wa zabibu wa Hombolo akikosa bei, mwenye duka la mjini hauzi, fundi hapati kazi, na kiwanda kidogo cha kukamua mafuta kinaanza kulipa mishahara kwa mafungu.

Tunashukuru kwamba katika Mei Mosi ya mwaka 2025, iliyofanyika kitaifa Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kupanda kwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai. Lakini wafanyakazi wengi tunaowasimamia wako katika sekta binafsi, katika miradi na katika kazi za wakala, na wengi wao hawakioni kiwango hicho hata kwa mbali.

Sasa tazameni jinsi ugumu unavyogawanywa. Mlinzi na mfagiaji walikwishahamishiwa kwa wakala, kwa hiyo mkataba wa wakala ukipunguzwa, hakuna anayesema taasisi imepunguza watu. Kijana anayejitolea anaongezewa miezi sita mingine ya kujitolea. Chai ya saa nne inafutwa. Mama lishe aliyelisha semina ya Machi anazungushwa hadi Agosti bila malipo. Makato ya hifadhi ya jamii yanakatwa kwenye mshahara lakini hayafiki NSSF. Mfanyakazi ambaye mshahara umemchelewa anaingia kwenye mikopo ya kausha damu, na riba yake inakuwa ndiyo gharama ya ukata wa taasisi, inayolipwa na mtu ambaye hakualikwa hata siku moja kwenye kikao cha bajeti.

Hakuna mtu mmoja aliyekaa akapanga ukatili huu. Kila hatua iliamuliwa na mtu mwenye akili timamu aliyetafuta mahali pasipo na kelele. Na pasipo na kelele ni kwa wasio na sauti.

3. Nchi hii inajua namna nyingine

Tunachokisema hakijaletwa na vitabu vya menejimenti vya ughaibuni. Kiko katika kumbukumbu ya nchi hii.

Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewataka wafanye kazi kwa sehemu ya kipindi cha kulitumikia wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Julius Nyerere alikasirika. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa. Lakini ndani ya malalamiko yao kulikuwa na hoja moja ambayo Mwalimu hakuikwepa: kwamba wakubwa wanaowataka vijana wajinyime wanalipwa vizuri mno. Alikubali kwamba mishahara ya juu ilikuwa mikubwa kupita kiasi, akatangaza kupunguza wa kwake kwa asilimia 20, na mishahara ya mawaziri na maofisa wa juu nayo ikashushwa.

Kulikuwa na njia rahisi zaidi. Angeweza kusema kwamba walioleta hoja ni watovu wa nidhamu, akaishia hapo. Badala yake aliitenganisha hoja na mtoa hoja, akaanza na mfuko wake mwenyewe. Haikupita miezi minne, Februari 5, 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukaongeza katazo kwa kiongozi kuwa mwenye majivuno, ufujaji na ukandamizaji, na wafanyakazi wa viwandani waliushika Mwongozo huo na kuwapima nao mameneja wao. Baadhi ya mameneja hawakulala vizuri miaka ile.

Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi wa umma atangaze mali na madeni yake. Hatuombi kurudi mwaka 1967. Tunachosema ni kwamba meneja wa kampuni binafsi, wa shirika lisilo la kiserikali au wa chama cha ushirika hana sheria ya namna hiyo juu yake. Ana bodi yake na dhamiri yake. Bodi ikilala, imebaki dhamiri.

Kumbukumbu nyingine ni za karibu zaidi. Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliyakemea mashangingi ya Serikali hadharani. Mwishoni mwa 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, akaifanya siku hiyo kuwa ya usafi, na Sh bilioni 4 zilizokuwa za sherehe zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco. Safari za nje zikadhibitiwa, na vikao vya Serikali vikaambiwa vitoke hotelini virudi kwenye kumbi za ofisi. Machi 2016 alisema mishahara ya wakuu wa mashirika ya umma iliyofika hadi Sh milioni 40 kwa mwezi itashushwa isizidi milioni 15. Na Mei Mosi ya mwaka huo, hapa Dodoma, akatangaza kodi ya mshahara ya ngazi ya chini ishuke kutoka asilimia 11 hadi 9. Mtu anaweza kuwa na maoni tofauti kuhusu mambo mengine ya kipindi kile. Lakini mpangilio ule, wa juu kukazwa na wa chini kulegezewa hata kwa asilimia mbili, kila mfanyakazi aliuelewa bila kufafanuliwa.

Kwa jirani zetu, Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake walitangaza kupunguza mishahara yao kwa asilimia 80, na mawaziri kwa asilimia 30. Aprili mwaka huo viongozi waandamizi wa Rwanda waliacha mshahara wa mwezi mzima. Na kutoka Kenya hiyohiyo, Juni 2024, tulipata somo la upande wa pili. Vijana walioingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha walikuwa wakiona mitandaoni saa, viatu na magari ya wanasiasa waliowaambia nchi haina fedha. Watu walipoteza maisha. Juni 26 Rais William Ruto alisema hatausaini muswada ule. Kodi ilikuwa nzito, na ilizidi kuwa nzito kwa kuombwa na mtu aliyeonekana hajabeba chochote.

4. Hesabu, na kilicho zaidi ya hesabu

Hoja ambayo wenzetu hutupa kwanza ni kwamba mshahara wa bosi ni tone baharini, na kuukata hakuokoi taasisi. Tuifanyie hesabu.

Asilimia 20 ya mshahara wa Sh milioni 5 ni Sh milioni 1. Hiyo ni mishahara miwili ya kima cha chini cha mtumishi wa umma. Menejimenti ya watu watano wenye mshahara huo ikikatwa kiasi hicho, zinapatikana fedha za kulipa watu kumi wa ngazi ya chini kwa mwezi. Na wapo wanaolipwa mara mbili na mara tatu ya hapo. Kwa taasisi ya watu 60 au 80, kama zilivyo nyingi za huku kwetu, hilo tone linajaza ndoo.

Pili, asilimia sawa si maumivu sawa. Anayepokea milioni tano akikatwa asilimia kumi, anaahirisha kupaua nyumba ya pili. Anayepokea laki tano akikatwa asilimia kumi, zimekwenda Sh 50,000, na kwa familia ya Nkuhungu au Chang'ombe hapa Dodoma hiyo ni nauli ya watoto ya kwenda shule na unga wa wiki kadhaa. Tangazo linalosema "sote tumekatwa asilimia kumi" linaonekana la haki kwenye karatasi tu.

Tatu, penye fedha zaidi ni kwenye yale tuliyoyazoea mpaka hatuyaoni. Gari kubwa linalokunywa lita 15 kwa kilomita 100, likitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam na kurudi kwa barabara ya takriban kilomita 450, linamaliza lita 135, kabla hujalipa posho na malazi ya dereva. Wakati huohuo treni ya SGR inaunganisha miji hii miwili tangu 2024, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA ilikuwa Sh 31,000. Waziri anaipanda, mwanafunzi wa UDOM anaipanda, na meneja wa mradi uliopunguza wauguzi bado anasafiri na shangingi kwa ajili ya kikao cha saa mbili. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2022 Waziri wa Fedha alilieleza Bunge, hapahapa Dodoma, mpango wa kudhibiti ununuzi wa magari ya Serikali na kuwakopesha maofisa magari yao wenyewe. Jambo ambalo Serikali ililisema bungeni, kampuni yenye magari manne inashindwa vipi kulijadili?

Lakini hatutaki kudanganya kwamba hesabu ndiyo sababu kuu. Sababu kuu ni kuaminika.

Mfanyakazi haoni vitabu vya hesabu. Anaona maegesho. Meneja akisema fedha hakuna na maegesho yakasema zipo, mfanyakazi atayaamini maegesho, na atakuwa na haki. Mwanachama wetu mmoja alieleza jinsi taasisi aliyowahi kuitumikia ilivyofuta chai ya wafanyakazi siku ya Jumatatu, na Ijumaa ya wiki ileile gari jipya la mkurugenzi likaingia getini. Gari lilikuwa limelipiwa miezi mingi nyuma, na mkurugenzi alikuwa na nyaraka za kuonyesha. Hakuna aliyetaka kuziona. Kuanzia siku ile, alisema, dereva alianza kupima mafuta kwa jicho lake mwenyewe, fundi alianza kutafuta kazi za pembeni saa za kazi, na mhasibu hodari kuliko wote aliondoka baada ya mwezi. Taasisi iliokoa sukari na majani ya chai, ikapoteza watu.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Hii ndiyo faida ya mwisho ya kuanza juu: kunampa meneja habari asizoweza kuzipata kwenye ripoti. Meneja aliyepanda daladala wiki nzima anajua nauli ya Sabasaba hadi Mtumba inamla mfanyakazi wake kiasi gani. Aliyekatwa mshahara anajua mwezi una siku ngapi.

Nyanda hizi zina kumbukumbu ya uongozi usiogusa ardhi. Mwaka 1947 Waingereza walianza Kongwa mradi wao wa karanga, kwa mipango iliyopitishwa London ya kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Udongo wa Kongwa ulikauka kiangazi ukawa kama saruji, mibuyu ikavunja mashine, na mvua haikufuata ratiba ya mtu. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda. Wenyeji walioijua ardhi ile walikuwapo muda wote. Walioamua walikuwa mbali mno kuuhisi udongo chini ya miguu yao.

5. Mfano wa kweli na mfano wa picha

Tunatambua pia kwamba mfano unaweza kuwa uongo, na mfano wa uongo unaumiza kuliko kukosa mfano kabisa.

Meneja anayeshusha mshahara wake na kujiongezea posho ya vikao hajajinyima chochote, amebadili mfuko. Anayepanda treni siku mpigapicha yupo, kesho akarudi kwenye shangingi, amewafundisha watu kwamba kujinyima ni mchezo wa kuigiza. Na anayejikata asilimia 30 ili apate uhalali wa kuwafukuza watu ambao wangeweza kubaki, ametumia sadaka yake kama silaha.

Tunakiri jambo gumu zaidi: mfano mwema hausahihishi uamuzi mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, Mwalimu alifika Chamwino akafanya kazi za mikono pamoja na wanakijiji. Kitendo kile kilikuwa cha kweli, na watu wa huku wanakithamini hadi leo. Lakini katika uhamishaji wa vijiji wa miaka ile wengi waliondolewa makwao bila ridhaa, na mikono ya kiongozi iliyochafuka kwa udongo haikuubadili ukweli huo. Kwa hiyo hatusemi meneja akijikata mshahara basi kila anachoamua baada ya hapo ni halali. Kuanza na nafsi yake kunampa ruhusa ya kusikilizwa. Baada ya hapo bado anapaswa kuwa sahihi, na anapaswa kusikiliza.

6. Tunayojifunga nayo

Kwa hiyo sisi wanachama, kila mmoja katika taasisi yake na kwa kadiri ya mamlaka aliyonayo, tunaahidi mbele ya umma kama ifuatavyo:

(i) Kabla ya kupendekeza punguzo lolote la mishahara, saa za kazi au ajira, tutapunguza malipo yetu wenyewe kwanza. Punguzo letu halitakuwa chini ya mara mbili ya asilimia tunayowaomba wengine. Anayelipwa kima cha chini au karibu yake hataguswa.

(ii) Tutalitamka punguzo letu kwa tarakimu mbele ya mkutano wa wafanyakazi wote na kwa maandishi, pamoja na siku ya kuanza na siku ya kupitiwa upya.

(iii) Posho na marupurupu yetu yatahesabiwa kuwa sehemu ya malipo yetu. Hatutapunguza huku na kuongeza kule.

(iv) Katika mwaka ambao taasisi imepunguza watu au imechelewesha mishahara, hatutanunua gari la menejimenti, hatutafanya semina hotelini penye ukumbi wa ofisi, na safari zetu zitakuwa kwa treni au basi kila panapowezekana.

(v) Fedha za mishahara zikija pungufu, atalipwa kwanza anayepokea kidogo zaidi. Sisi tutakuwa wa mwisho.

(vi) Makato ya NSSF na PSSSF yatapelekwa kwa wakati. Fedha iliyokatwa kwa mfanyakazi si ya taasisi, na kuitumia kuendeshea ofisi ni kumkopa mtu uzee wake bila kumwambia.

(vii) Walinzi, wafagiaji na wapishi walio chini ya wakala tutawahesabu kuwa watu wetu. Hatutabana mkataba wa wakala bila kuuliza watakaoumia ni wangapi na ni akina nani.

(viii) Wauzaji wadogo, wakiwamo mama lishe, mafundi na vikundi vya wakulima, watalipwa kabla ya kampuni kubwa zinazoweza kusubiri.

(ix) Kupunguza watu kutakuwa hatua ya mwisho. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aweke wazi habari zote muhimu, na ashauriane juu ya sababu, njia za kuepuka, vigezo, muda na malipo. Tutayafanya mashauriano hayo wakati bado kuna la kubadilisha, na siyo baada ya majina kuandikwa.

(x) Hali ikitengemaa, nafuu itaanza chini. Wa kwanza kurudishiwa alichokatwa atakuwa mfanyakazi wa ngazi ya mwisho, na meneja mwandamizi atafunga safu.

Ahadi ya kumi tunaiona ndiyo kipimo cha zote. Ni rahisi kuwa wa kwanza kuumia ukijua utakuwa wa kwanza kupona.

7. Tunayoyaomba

Kwa wajumbe wa bodi: msingoje meneja ajitolee mwenyewe. Kila mnapopokea pendekezo la kubana matumizi, ulizeni swali moja kabla ya mengine: menejimenti yenyewe inachangia nini? Kama jibu halina tarakimu, lirudisheni pendekezo.

Kwa wafadhili na wakuu wa miradi: bajeti inapokatwa, anayeondolewa kwanza mara nyingi ni mhudumu wa kijijini Mkalama au Chemba, na kinachobaki ni ofisi ya mjini. Tunawaomba muanze kukata upande wa ofisi.

Kwa Serikali: maofisa kazi waongezwe na wawezeshwe kufika kwenye taasisi zinazochelewesha mishahara na michango, maana ahadi za hiari haziwezi kuziba pengo la sheria isiyosimamiwa.

Kwa vyama vya wafanyakazi: tutakapowaletea vitabu vya hesabu, visomeni nasi kwa uaminifu. Pale taasisi inapokuwa kweli imeishiwa, wasaidieni wanachama wenu kuliona hilo. Uwazi wetu utahitaji ujasiri wenu.

Kwa mameneja wenzetu ambao hawamo katika chama hiki: tunajua mna ada za watoto, mikopo ya benki na wazazi vijijini wanaowategemea. Na sisi tuko hivyohivyo. Tunajua pia kwamba ukoo mzima huhesabu mshahara wa mmoja. Lakini wale walio chini yetu wana mizigo hiyohiyo, na wanaibeba kwa sehemu ndogo ya kile tunachopokea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tunataka kitu kikubwa sana: tunataka watu wavumilie pamoja nasi.

8. Hitimisho

Tamko hili tutalibandika kwenye ubao wa matangazo wa kila taasisi inayoongozwa na mwanachama wetu, mahali ambapo mlinzi, mfagiaji na dereva hupita, na tutalisoma kwa sauti kwa asiyeweza kulisoma. Litakaa hapo mwaka mzima.

Tunawaomba wafanyakazi walitumie. Siku meneja wako, aliye mwanachama wetu, atakapokuita kukwambia kwamba hali ni ngumu, una ruhusa yetu ya kumpeleka kwenye ubao ule, ukaweka kidole kwenye ahadi ya kwanza, na ukamuuliza kwa heshima: "Mwenzetu, wewe umeanza na kiasi gani?"

Anatakiwa awe na jibu kabla hujauliza.

Limetolewa Dodoma kwa niaba ya wanachama wote,
Kamati Tendaji ya Chama